Maji ya kisima cha msikiti ni ya nani?

Oktoba mwaka 2022 wakazi wa Dar es Salaam tulitangaziwa mgao wa maji. Mvua zilikuwa zimekosekana, na kina cha mto Ruvu, ambao ndio mhimili wa maji ya jiji hili, kilikuwa kimeshuka. Wiki hizo msikiti wetu ulikuwa miongoni mwa sehemu chache za mtaa zenye maji, kwa sababu una kisima kirefu alichotuchimbia mfadhili mmoja. Geti likafungwa. Ndani tulikuwa tukitawadha huku bomba limeachwa wazi tangu kuosha viganja hadi miguu. Nje akina mama, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wamepanga ndoo foleni wakisubiri kuuziwa kwa shilingi 500 kila moja. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopitisha bei ile. Sikuipinga.

Jumatatu nikaingia darasani kufundisha twahara. Nikaeleza kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, ambao haufiki hata lita moja. Mwanafunzi wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Ustadh, mbona pale msikitini kwetu mtu mmoja anamaliza ndoo?" Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu.

Ipo hadithi mashuhuri ya Saad (RA) kukatazwa israfu ya maji hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Wapo wataalamu walioidhoofisha isnadi yake. Lakini hiyo ya mudi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na peke yake inatutosha kuona haya.

Kuna ndugu zetu ambao kila maji yakikatika husema ni mtihani wa Mwenyezi Mungu (SW), basi mazungumzo yameisha. Mtihani ni kweli. Ila Qur'an yenyewe, katika Suratul-Rum, inautaja ufisadi wa nchi kavu na baharini kuwa ni machumo ya mikono ya watu. Ruvu inaanzia milima ya Uluguru, Morogoro. Misitu ya huko ikifyekwa kwa mkaa na mashamba, mvua inayonyesha hukimbilia baharini na udongo wetu badala ya kuzama ardhini na kuulisha mto wakati wa kiangazi. Na huo mkaa wapikiaji wake wakubwa ni sisi wa mjini. Sensa ya mwaka 2002 ilitukuta karibu milioni mbili na nusu, ya 2022 ikatukuta zaidi ya milioni tano. Mto haukuongezeka. Kila mwenye uwezo amekimbilia kuchimba kisima chake, na karibu na pwani ukivuta kupita kiasi maji ya bahari huingia chini kwa chini. Aliyechimba jana anavuta ya chumvi leo, na jirani yake pia.

Turudi kwenye geti. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, na amemkemea vikali mwenye maji ya ziada anayemnyima msafiri. Je, maana yake kuuza maji ni haramu? Hapana. Wanachuoni wengi wameruhusu kuuza maji yaliyokwishatekwa na kuhifadhiwa. Hata kisima cha Ruma pale Madina mwenyewe alikuwa akiuza maji yake. Mtume (SAW) hakumpokonya. Alihimiza kinunuliwe, na Sayyidna Uthman (RA) akakinunua akakifanya wakfu, ndoo yake ikawa sawa na ndoo ya Mwislamu yeyote.

Wajumbe wenzangu walikuwa na hoja moja nzito. Zamani mwenye kiu alikuja na kamba na ndoo yake, akateka mwenyewe. Leo pampu ndiyo inayoteka, na pampu inakula umeme wa Luku. Nakubali, gharama hiyo ni halali kuirudisha. Lakini tulipopiga hesabu tukaona shilingi 500 ilikuwa mbali mno na bei ya umeme. Ile iliyobaki juu ilikuwa faida ya kiu ya majirani zetu, tena kwa kisima ambacho mfadhili alikitoa kwa ajili ya Allah. Mwenye kisima cha kununua kwa jasho lake ana maneno ya kujitetea. Sisi wa kamati tulikuwa nayo yapi?

Kikao kilichofuata tulibishana tangu Magharibi mpaka Isha. Mwishowe bei ikashushwa ikawa ya umeme na matengenezo tu, wagonjwa na wasiojiweza wakachota bure, na kwenye sehemu ya udhu yakaletwa makopo ili mabomba yafungwe. Wapo walionuna kwa ajili ya makopo kuliko kwa ajili ya bei. Mzee mmoja hunikumbusha hadi leo kwamba fedha zile zingetosha kupaka rangi mnara. Na kweli, mnara haujapakwa rangi.