Haki ya Fundi Anayefuata

Pikipiki ikigoma tunaipeleka kwa fundi. Ikitembea tunasema imepona. Kipimo hicho ni chepesi na mara nyingi kinatosha. Pancha ama imezibwa ama haijazibwa, plagi ama inatoa cheche ama haitoi. Lakini yapo maharibiko yanayoonyesha kwamba kipimo chenyewe ni nusu tu, na mojawapo ni kulika kwa shafti inayobeba sproketi ya mbele. Pikipiki yenye ugonjwa huo inaweza kutoka gereji ikiwa na nguvu zake zote, ikapanda mlima na abiria wawili nyuma, na bado mtu anayejua kilichofanyika akasema kwa haki: hii haikutengenezwa, imefungiwa.

Tuitazame sehemu yenyewe. Upande wa kushoto wa injini, nyuma ya kifuniko kilichojaa tope na grisi, imetokeza ncha ya shafti ya giaboksi. Ncha hiyo imechongwa meno yanayokwenda kwa urefu wake, na sproketi huvalishwa juu yake kwa tundu lenye meno yanayoingiana na hayo. Kwenye injini za ukoo wa Honda CG125, iliyobuniwa miaka ya 1970 na ambayo nakala zake za Kichina zimezagaa Afrika Mashariki, sproketi haikazwi kwa nati kubwa. Inazuiwa na kibati chembamba: unakisukuma juu ya meno, unakizungusha kidogo kiingie kwenye mfereji wake, kisha bolti mbili ndogo zinakishikiza kwenye sproketi. Maana yake ni kwamba sproketi imeruhusiwa kucheza, ingawa kwa kiasi kidogo mno, tangu siku pikipiki ilipotoka kiwandani.

Ruhusa hiyo ndogo ikizidi, inazaa ugomvi. Injini ya silinda moja hulipuka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo inauvuta mnyororo kwa vishindo. Ukivuta mafuta, jino la sproketi linaegemea upande mmoja wa jino la shafti. Ukiachia, linarudi kugonga upande wa pili. Kati ya vyuma hivyo hakuna grisi ya maana, na kila mguso unang'oa chembe isiyoonekana kwa macho. Chembe zinashika kutu na kuwa unga mwekundu, na unga huo unasaga kama msasa. Shafti imekomazwa kwa moto iwe ngumu juu, lakini ugumu huo ni wa ngozi. Ngozi ikishaisha, chuma cha ndani ni laini zaidi na kinalika kwa kasi. Ongeza mnyororo uliokazwa kupita kiasi, sproketi ya bei poa yenye tundu kubwa kuliko ilivyotakiwa, na bolti moja iliyodondoka njiani bila mtu kujua. Shafti iliyoweza kudumu umri wote wa pikipiki inabaki na meno mafupi yaliyochongoka kama ya papa.

Mbunifu alikuwa ameipanga safu ya nani afe kwa ajili ya nani. Mnyororo na sproketi ni vitu vya kuchakaa, vinauzwa kila duka la spea, na kuvibadili ni kazi ya muda mfupi kando ya barabara. Shafti ni kitu cha kudumu. Ili kuibadili, injini ishushwe, kesi zake zipasuliwe katikati na gia zihamishiwe shafti mpya. Kitu rahisi kimewekwa mbele ili kipokee mapigo, na kitu ghali kikae nyuma yake salama. Mwenye pikipiki anayesema sproketi iliyochoka isukume wiki nyingine hadhani kwamba ameamua lolote kuhusu shafti. Ameamua. Amegeuza safu, na sasa kilicho ghali kinakufa kwa ajili ya kilicho rahisi.

Shafti ikishalika, njia ni chache. Ya kwanza ni hiyo ya kupasua injini. Ya pili ni kutumia gundi ya chuma, ile inayoganda pale inapokosa hewa kati ya vyuma viwili. Loctite 660, kwa mfano, imetengenezwa kujaza pengo la hadi nusu milimita, na inalegea ikipashwa moto mkali. Hiyo inafaa meno yanapokuwa yamelika kidogo. Ya tatu ni kuyajaza meno kwa kuchomelea kisha kuyachonga upya, kazi inayohitaji mkono mtulivu na fundi mwenye mashine. Ya nne, inayoongoza kwa wingi mitaani, ni kuichomelea sproketi kwenye shafti moja kwa moja.

Fundi anayeifanya hii ya nne vizuri anastahili heshima yake. Anachomoa betri kwanza. Kibanio cha ethi anakibana kwenye shafti yenyewe, hakibani kwenye fremu, kwa kuwa umeme ukilazimika kupita kwenye beringi utaacha vidonda juu ya gololi zake. Anapiga nukta moja, anangoja, anapiga ya pili upande wa pili ili joto lisivute sproketi ikakaa mshazari, na kila baada ya nukta anaweka kitambaa kilicholowa maji kulinda mpira wa sili ulio nyuma. Akimaliza, mchezo wote umekwisha. Sproketi na shafti ni kitu kimoja, na pikipiki haigongi tena dereva anapoachia mafuta.

Tatizo limehamia nyuma ya sproketi. Pale ndipo ilipo sili ya oili, kipete cha mpira ambacho bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana. Kipete hicho nacho ni cha kuchakaa. Kikianza kuvuja, na kitaanza, hakuna mkono utakaokifikia mpaka sproketi ikatwe kwa grenda. Injini hizi hutumia oili moja kwa gia na kwa pistoni, hivyo tone linalodondoka pale ni tone lililopungua kila mahali. Meno ya nje ya sproketi yakiisha, mambo ni yale yale: kitu ambacho zamani kilitoka kwa bolti mbili sasa kinatoka kwa cheche za moto, na kila kinapotoka kinaondoka na kipande cha shafti. Safari moja au mbili za namna hiyo na hakuna tena mahali pa kuchomelea.

Hapo ndipo nasema kutengeneza kuna vipimo viwili. Cha kwanza kinauliza kama kitu kinafanya kazi. Cha pili kinauliza kama kitu bado kinatengenezeka. Vipimo hivi si ndugu wa damu. Kazi inaweza kufaulu kabisa katika cha kwanza na kuanguka kabisa katika cha pili, na kwa kuwa cha kwanza kinaonekana leo na cha pili kinaonekana baada ya miezi, tunalipa kwa kufuata cha kwanza peke yake.

Wanafalsafa wamezoea kuuliza swali jingine juu ya vitu vikuukuu. Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya Theseus kwa kubadili mbao zilizooza, mpaka watu wakabishana kama ni merikebu ile ile. Kwenye pikipiki swali hilo halisumbui sana, maana serikali imelijibu: pikipiki ni ile ambayo namba yake ya chesisi imo kwenye kadi, hata kama matairi na tangi vimetoka kwingine. Fundi hababaishwi na uhalisi. Swali linalomgusa ni kama atakayekuja baada yake atapata pa kushika spana.

Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walilijua jambo hilo kwa namna yao. Kuta za mawe ya matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa, kitu laini kuliko jiwe. Unyevu na chumvi vilitokea kwenye chokaa, chokaa ikamomonyoka, ikapigwa nyingine, na jiwe likabaki. Ilipoingia saruji wengi waliipenda kwa ugumu wake. Lakini saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi inakosa pa kutokea, na jiwe linaanza kuoza nyuma ya uso unaoonekana mzima. Ukijaribu kuibandua, inatoka na jiwe lenyewe. Methali inatuhimiza kuziba ufa tusije tukajenga ukuta. Haikutwambia tuuzibe na nini, na hapo ndipo hekima inapotakiwa, kwa sababu ziko namna za kuziba ufa zinazouhakikishia ukuta kuanguka.

Atajitokeza mtu wa kunipinga, na atakuwa na hoja nzito. Atasema: wewe unazungumzia fundi wa kesho, na huyu dereva ana watoto wa leo. Amefika gereji saa nne asubuhi, pikipiki ni ya bosi, jioni anatakiwa hesabu. Akisikia habari za kupasua injini atajibu, "Fundi, wewe chomelea tu, mimi nikatafute hesabu." Nani mwenye uso wa kumhubiria?

Hoja hii siipuuzi, ila naona inafichua zaidi ya ilivyokusudia. Madereva wa bodaboda wanaendesha kwa mapatano ya namna mbili kubwa. Wa hesabu anampelekea mwenye chombo kiasi fulani kila siku, na chombo kinabaki cha mwenyewe. Wa mkataba naye analeta fedha kila siku, lakini muda waliokubaliana ukitimia, pikipiki inakuwa yake. Waweke wawili hawa mbele ya shafti ile ile iliyolika. Kwa wa kwanza, siku ambayo sili itavuja ni siku ya mtu mwingine. Kwa wa pili, mtu huyo mwingine ni yeye mwenyewe. Umaskini wao unaweza kuwa sawa kabisa. Kilichowatofautisha ni kama kesho ina jina lao. Kwa hiyo nisilaumu tabia ya dereva pale ambapo wa kulaumiwa ni mapatano yaliyomnyima sababu ya kuijali kesho. Mwenye chombo anayedai hesabu bila kupunguza hata siku ya matengenezo ameichomelea shafti yake kwa mkono wa mwingine.

Mjerumani Hans Jonas, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979 juu ya wajibu, alihoji kwamba uwezo wa binadamu wa kuharibu umefika mbali kuliko maadili yake ya zamani, kwa hiyo tunawajibika kwa watu ambao hawajazaliwa bado na hawawezi kutudai. Yeye alifikiria dunia nzima na mazingira yake. Naona hoja yake inaingia hata gereji. Fundi anayefuata hayupo wakati kazi inafanyika. Hana sauti kwenye mapatano ya bei. Haki yake inalindwa na jambo moja tu, kwamba fundi wa leo amkumbuke.

Na kumkumbuka si lazima kugharimu sana. Iko njia ya tano ambayo mafundi wengine huitumia. Badala ya kuchomelea sproketi nzima, wanaikata sproketi kuukuu na kubakiza kitovu chake, wanakikereza kiwe bamba la duara, wanakitoboa matundu ya bolti, na hicho kitovu ndicho kinachochomelewa kwenye shafti baada ya sili mpya kuwekwa. Sproketi inafungwa juu yake kwa bolti. Moto ni ule ule, kijiti cha kuchomelea ni kile kile, na kazi ya mashine ya kukereza ni ya saa chache. Shafti haitakuwa kama ya kiwandani, na sili bado imefungiwa nyuma ya kitovu. Lakini safu imerudi: kitu cha kuchakaa kinaweza kuchakaa na kubadilishwa bila kuua cha kudumu. Aliyewaza njia hii hakuwa tajiri kuliko aliyechomelea sproketi nzima. Aliwaza hatua moja mbele.

Nisikigeuze kipimo hiki cha pili kuwa dini. Hakuna matengenezo yasiyoacha alama. Hata kupasua injini ili kuweka shafti mpya, kazi inayosifiwa kuwa ndiyo safi, mikononi mwa fundi asiye makini kunaharibu nyuzi za aluminiamu na kuacha kesi zinazovuja, na pikipiki inarudi ikiwa na maradhi mapya. Tena viko vyombo vilivyofika mwisho. Pikipiki ambayo fremu imepasuka na krenki inalia, na mwenyewe anataka imfikishe msimu wa mavuno tu, inaweza kuchomelewa sproketi bila kosa lolote, kwa kuwa fundi anayefuata hatakuwepo. Matengenezo ya mwisho ni halali pale yanapojulikana kuwa ni ya mwisho.

Neno zito hapo ni kujulikana. Anayechomelea na kusema, "Nimekufungia, ikivuja hapa utakata," amefanya kazi duni lakini ya kweli. Anayechomelea, akapaka rangi nyeusi, akarudisha kifuniko, kisha akaiuza pikipiki kwa mtu wa mbali kama nzima, huyo hakuficha nukta ya moto tu. Amemuuzia mtu deni bila kumwambia ni deni.

Kwa hiyo tukimlipa fundi tumuulize maswali mawili, na la pili tulipe uzito sawa na la kwanza. Je, inafanya kazi? Na ikiharibika tena, itafunguliwaje? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa, na pengine atataja bei iliyopanda kidogo. Bei hiyo ina sehemu ya mtu ambaye hatujamwona, na ni haki yake.