Daftari la Sadaka ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya: watu wa pwani ni wepesi wa kutoa, lakini wachache ndio waulizao hesabu. Baada ya sala ya Ijumaa husimama mtu akasema kuwa ndugu wa bara wana haja. Kitambaa hutandikwa, fedha zikajaa, na mwaka ukiisha hapana ajuaye zilikokwenda.

Na utazamwe mfano wa Mollo, katika uwanda wa Ufipa, karibu na mji wa Sumbawanga. Kutoka Dar es Salaam njia yapita kilomita 1,000, wala mtoaji hawezi kwenda kila mara kuona kwa macho yake. Jicho lake ni daftari. Basi jamaa wa huko wakitaka kujenga chuo cha Kurani, yapasa kwanza wahesabu: watoto ni wangapi, mabati mangapi, na mwalimu atakula nini. Tena watazame majira. Ufipa mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, na mahindi huvunwa baadaye. Amwombaye mkulima mchango mwezi wa Januari amwomba mtu ambaye ghala yake yapungua. Nabii Yusuf (A.S.), alipopewa khabari ya miaka saba ya neema na saba ya dhiki, alipanga akiba kabla ya njaa. Ikiwa Nabii mwenye kupata wahyi hakuacha kupanga, aachaje asiyepata?

Kisha mifuko iwe mitatu, na kila mfuko na daftari lake. Wa kwanza ni zaka, ambayo wastahiki wake ni mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tauba. Mahindi ya Mollo yaliyonyweshwa na mvua, yakifika nisabu, hutolewa sehemu moja katika kumi, na yaliyonyweshwa kwa gharama hutolewa nusu ya hiyo. Na katika madhehebu ya Imam Shafi zaka hugawiwa maskini wa pale ilipo mali. Basi zaka ya Mombasa haichukuliwi Mollo hali maskini wa Mombasa wapo. Ipelekwayo huko ni sadaka, na huu ndio mfuko wa pili. Wala wanazuoni walio wengi hawakujuzisha kujenga msikiti kwa zaka. Wa tatu ni wakfu, kama shamba la Umar bin Khattab (R.A.) huko Khaybar: asili yake haiuzwi, haitolewi, wala hairithiwi, yaliwayo ni matunda. Kwa hiyo kiwanja cha chuo kiandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa serikalini, si kwa jina la mwenyekiti, asije akafa warithi wake wakakigawa. Mwenye kuchanganya mifuko hii huharibu ibada ya watu wasiokuwapo.

Mwenyezi Mungu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, ameamuru deni la watu wawili liandikwe na lishuhudiwe; seuze haki ya mafakiri katika mali ya watu mia? Na Umar ndiye aliyeweka diwani, madaftari ya majina ya watu na haki zao. Naye Mtume (S.A.W.) alimkemea mkusanyaji wa zaka aliyejitengea zawadi alizopewa kazini, akamtaka atazame kama zingemjia lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake.

Lakini si kila liandikwalo husomwa hadharani. Mapato na matumizi yasomwe msikitini kila mwezi, mbele ya mtoaji mkubwa na mdogo. Majina ya wajane na mayatima yafungiwe, yajulikane na wachache waaminifu. Kwani kumpa fakiri kwa siri kumesifiwa ndani ya Kurani, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo yalinda khabari za watu. Mjane aliyepewa pishi ya mahindi akatangazwa mtaani, amelishwa tumbo akavuliwa nguo.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoaji ikhlasi, na wenye kushika madaftari uaminifu, mpaka Siku ambayo kila mtu atapewa daftari lake mkononi. Amin.