Gome Chungu la Mkwinini

Mara kwa mara twaulizwa kama Mkristo atenda dhambi anywapo dawa ya miti shamba. Jibu letu ni fupi: jani halina dhambi. Yoshua bin Sira, katika sura yake ya 38, azisifu dawa zitokazo ardhini, na tabibu pia.

Utazameni mkwinini. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 Wajesuiti walilipeleka gome lake Roma, na Kardinali Juan de Lugo akawagawia maskini wenye homa. Likaitwa unga wa Wajesuiti, na huko Uingereza Waprotestanti wengi wakalichukia kwa jina hilo tu. (Homa haiulizi dini ya mtu.) Mwingereza mmoja, Robert Talbor, aliwaonya watu hadharani juu ya unga ule, kumbe mwenyewe alikuwa akiutia kwa siri katika dawa yake, akatajirika. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliinunua siri hiyo, na mwaka 1682, Talbor akiisha kufa, ikatangazwa kitabuni. Ndipo watu wakajua walichokuwa wakinywa.

Lakini gome moja lilikuwa kali, jingine hafifu. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou, huko Paris, waliitenga kwinini yenyewe, na tangu hapo tabibu akaweza kuipima. Vivyo hivyo Tu Youyou wa China, akiongozwa na maandiko ya Ge Hong wa karne ya 4, alipata pamoja na wenzake artemisinini katika pakanga, mwaka 1972. Dawa mseto ya malaria tuimezayo leo yatokana nayo.

Kwa hiyo twahuzunika tusikiapo kwamba mtoto atetemekaye kwa homa anyweshwa chai ya pakanga siku tatu, eti ni dawa ile ile. Siyo! Kikombe hakina kipimo, na vimelea visipokufa vyote, homa hurudi. Na yule atakaye kuku mweusi ili awatajie jirani aliyewaloga, huyo hana habari ya majani hata kidogo, mwondokeeni.

Mtoto apelekwe zahanati siku ile ile, apimwe damu. Wala msione haya kumwambia tabibu ni jani gani amekwisha kunywa, na kiasi gani. Asipoambiwa, aweza kukosea dawa yake.