Je, Ni Kosa la Mzazi Peke Yake?

Msomaji, fikiri juu ya mtoto wa miaka 6 katika kijiji kimoja cha Migori, ambaye taya lake limevimba hata meno yakalegea. Hilo si jino bovu. Ni saratani ya tezi iitwayo limfoma ya Burkitt, jamaa ya ile aliyoieleza Thomas Hodgkin huko London mwaka 1832. Imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeandika habari zake mwaka 1958. Huwapata hasa watoto wa mahali penye malaria nyingi, kama Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Viktoria.

Ugonjwa huu una tabia mbili. Hukua upesi mno, na huyeyuka upesi vilevile dawa zinapotiwa mshipani. Baada ya siku chache uvimbe hupungua, na mtoto aliyeshindwa kula huomba chakula. Hapo ndipo penye mtego. Jicho husema, "Amepona". Kumbe mabaki yasiyoonekana yangalimo mwilini, na dawa hazina budi kurudiwa mara kadhaa kwa muda wa miezi. Katika nchi tajiri hupona watoto karibu 9 kati ya 10. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, na sababu moja ni kwamba wengine huacha matibabu kabla ya kuyamaliza. Ugonjwa ukirudi, ni vigumu zaidi kuushinda.

Je, mzazi aliyemrudisha mtoto nyumbani ana hatia? Huenda ukajibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni kweli. Lakini itazame hali yake. Kutoka Migori mpaka Kisumu, iliko Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ni zaidi ya kilomita 150. Nauli ya safari ya kwanza ilitokana na kuku, ya pili na mbuzi. Shamba halijapaliliwa, na watoto wengine wanamngoja. Huyu hakuchagua kati ya wema na ubaya. Alichagua kati ya mtoto mmoja na wenzake.

Na sisi majirani je? Mtu akifa, twachanga fedha bila kuombwa mara mbili. Hema hukodiwa, ng'ombe huchinjwa. Lau sehemu ndogo ya mchango huo ingalitolewa mtoto angali hai, ikawa nauli ya safari ya tatu, pengine matanga yasingalikuwapo.

Mzazi ana wajibu wa kumaliza alichoanza, nasi tuna wajibu wa kumwezesha. Anayelaumu bila kusaidia amejivika uhakimu usio wake. Basi jirani atakaporudi na mtoto ambaye uvimbe wake umepungua, usimpongeze tu. Muulize tarehe ya kurudi hospitali, kisha umuulize kama nauli imepatikana.