Wazalisha Wawili na Amri ya Farao

Somo: Kutoka 1:15–21



Juma lililopita kijana mmoja aliniuliza, "Mchungaji, mtu asiye na silaha anaweza nini mbele ya askari?" Nilijua sababu. Wapo wanaowashawishi vijana wetu warudi msituni kushika bunduki.

Nikamfungulia habari za Shifra na Pua. Farao alikuwa na jeshi. Wao walikuwa na mikono ya kuzalisha tu. Aliwaamuru waue watoto wa kiume, lakini walimcha Mungu, wakakataa. Hawakumpiga mtu, na watoto wakaishi.

Ndugu, sisi tuliotoka Kongo tuna ushuhuda kama huo. Mobutu alitwaa nchi kwa nguvu za jeshi mwaka 1965. Januari 1992 serikali yake iliufunga Mkutano wa Taifa uliokuwa ukitafuta njia ya demokrasia. Jumapili, tarehe 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani na kuandamana wakiwa na Biblia, rozari na mishumaa, wakidai mkutano ufunguliwe. Waliojipanga, parokia kwa parokia, walikuwa waamini wa kawaida. Askari waliwapiga risasi, watu wakafa barabarani. Lakini Aprili mwaka ule ule mkutano ulifunguliwa tena.

Mzee mmoja wa hapa kambini alitembea siku ile. Anasema aliogopa sana, ila mama aliyekuwa mbele yake hakuacha kuimba, naye akaona aibu kurudi nyuma.

Sitawadanganya. Mobutu hakuondoka siku ile. Aliondolewa kwa bunduki mwaka 1997. Je, bunduki ile ilituletea amani? Mwaka 1998 vita vilianza upya, na wengi wetu tukavuka ziwa tukiwa na watoto mgongoni.

Kwa hiyo, kijana wangu, atakayekuja usiku kukuahidi fedha na cheo, mkatalie kama Shifra. Wazazi, msiwalishe watoto chuki ya kabila jirani. Hiyo nayo ni amri ya Farao.

Biblia haisemi kama Shifra na Pua waliiona Bahari ya Shamu ikigawanyika. Huenda walikufa wangali Misri, ugenini, kama baadhi ya wazee wetu tuliowazika hapa. Lakini wasingekataa, nani angevuka?

Bwana atupe moyo huo. Amina.