Je, Yatupasa Kumngoja Aliye Nyuma?



Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, alitumia mfano wa mbio, na mfano huo waliuelewa mara moja. Karibu na mji wao palifanywa michezo mikubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji ya majani tu. Walijua, basi, ya kuwa wapiga mbio ni wengi, na apokeaye tuzo ni mmoja. Walimu wetu wamelifundisha neno hilo mara nyingi, nasi twalipenda, kwa kuwa latuondolea uvivu.

Lakini sisi tulipata kukimbia mbio za namna nyingine, zisizo na tuzo, pamoja na rafiki zetu. Na katika mbio zile tulifanya kosa dogo lililotuachia swali kubwa. Swali lenyewe ni hili: Mtu akimbiaye pamoja na wenziwe, akiwa na miguu myepesi kuliko yao, je, yampasa kumngoja aliye nyuma? Au ni haki yake kwenda kadiri ya nguvu alizopewa? Twawaomba msilidharau swali hili kama kwamba ni la watoto wachezao kiwanjani. Tukilitazama vema, tutaona lahusu nyumba zetu, na shule zetu, na kila kazi ifanywayo na watu wengi pamoja.

Mji tuliokimbia ni Geneva, katika nchi ya Uswisi. Wengi wenu mmelisikia jina lake, maana ndipo ilipo ofisi kuu ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, ambalo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa rais wake tangu mwaka 1977 hata 1984. Ni mji wa kale, uliojengwa juu ya kilima, wenye njia nyembamba za mawe. Kila mwaka mwezi wa Desemba watu wake hufanya sikukuu iitwayo Escalade, maana yake ni kupanda ukuta kwa ngazi. Na asili yake ni hii.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1602, kwa hesabu ya siku waliyoitumia wenyeji wakati ule, Charles Emmanuel, mtawala wa Savoy, alipeleka jeshi kuuteka mji huo ghafula. Askari wake walileta ngazi zilizopakwa rangi nyeusi zisionekane gizani, wakaziegemeza ukutani, wakapanda kimya watu wakiwa usingizini. Mlinzi mmoja alipopiga bunduki, mji ukaamka, watu wakatoka nyumbani na mavazi ya kulalia, kila mtu na silaha aliyoikuta. Isaac Mercier aliikata kamba iliyoshikilia mlango wa chuma wa lango moja, mlango ukaanguka, na adui wakashindwa kulivunja lango kwa baruti ili wenzao walioko nje waingie. Mama mmoja, Catherine Cheynel, ambaye watu humwita Mama Royaume kwa jina la mumewe, husimuliwa kuwa alirusha chungu chake dirishani kikamwangukia askari kichwani. Kabla ya mapambazuko vita vilikwisha. Asubuhi mzee Théodore de Bèze, mrithi wa Calvin katika uongozi wa kanisa la mji ule, aliwaongoza watu kuimba Zaburi ya 124.

Hatutaficha ya kuwa kulipokucha wafungwa 13 walinyongwa. Furaha ya vita haikosi kitu cha kuhuzunisha, na mwenye kusimulia sikukuu za kale asiruke jambo hilo.

Siku hizi adui hawapo, na Savoy ni jimbo la Ufaransa na jirani mwema. Watu wa Geneva huwasha mienge, huvaa mavazi ya zamani, na kula chungu kilichotengenezwa kwa chokoleti na kujazwa vitamu vyenye umbo la mboga. Tena tangu mwaka 1978 wameongeza mbio katika njia za mji wa kale. Watu hukimbia kwa makumi ya maelfu, wazee kwa watoto. Wako wakimbiao kwa kupimiwa saa. Lakini ziko mbio moja ziitwazo Marmite, yaani Chungu, ambazo hazina saa wala mshindi. Humo rafiki hukimbia makundi makundi wamejivika kama askari, au wapishi, au hata karoti na vitunguu, na kazi yao ni kufurahi tu.

Katika mbio hizo za Chungu ndimo tulimoingia sisi. Tulikuwa watu watano, wasemao Kiswahili, tuliokutana katika mji ule kwa sababu ya kazi na masomo. Wanne tulikuwa vijana. Wa tano alikuwa mwanamke aliyepita miaka hamsini, ambaye tulimzoea na kumwita Shangazi. Ndiye aliyetukusanya, ndiye aliyetupikia ugali tulipokuwa wageni tusiojua hata duka liuzalo unga. Siku ile alikata shauri kuwa Mama Royaume, akajifunga sufuria mgongoni kwa kanga kama abebavyo mtoto, na mwiko akaushika mkononi. Tukapatana ya kuwa tutakwenda pamoja tangu mwanzo hata mwisho.

Jua lilikuwa limekwisha kutua, na baridi ilikuwa kali. Mwanzo tulikwenda pamoja kweli, tukicheka kwa kuisikia sufuria ikigonga kifuniko chake. Lakini tulipofika penye mwinuko watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wakipiga kelele na makofi. Ndugu, kelele za watu zina ulevi wake. Mmoja wetu aliongeza hatua, wa pili akamfuata, na punde sote wanne tulikuwa tukishindana, sisi tulioingia katika mbio zisizo na mshindi! Tulifika mwisho tukihema, tukakumbatiana, tukapewa kinywaji cha moto, tukanywa, tukasifiana. Ndipo mmoja akauliza, “Shangazi yuko wapi?”

Tulingoja. Makundi yalipita, kisha wachache, kisha mmoja mmoja. Mwisho tulimwona akija kwa miguu, goti likimwuma, mwiko ungali mkononi. Tukamkimbilia kwa aibu, tukasema, “Pole, Shangazi. Utuwie radhi, tungalikungoja.”

Hakutukemea. Alikaa, akaifungua kanga, akasema, “Wanangu, kuachwa nyuma si neno. Miguu yangu naijua, nayo yanijua. Kilichoniumiza ni kuwa mlifika, mkanywa, mkamaliza, wala hamkuona kwamba kuna mtu amepungua.”

Kijana mmoja kati yetu akasema upesi, “Mwaka ujao, Shangazi, tutakwenda polepole nawe, hatua kwa hatua.” Akatikisa kichwa. “Msinitembeze kama mgonjwa. Mkiningoja kwa kunihurumia, mimi nitakaa nyumbani nipike. Mningoje ikiwa mwapenda kucheka nami.”

Maneno hayo tumeyafikiri siku nyingi, nasi twapenda kuyafikiri tena pamoja nanyi.

Wako watakaosema, “Hakuna kosa hapo. Mungu hakuwapa watu wote nguvu sawasawa. Mwenye mbio akizuiwa kwa ajili ya mzito, wote wawili watakuwa wazito, na hakuna litakalofanyika.” Neno hili lina kweli yake, wala hatupendi kulidharau. Kijana aliyetumwa dawa kwa ajili ya mgonjwa hana ruhusa ya kungoja mwenziwe njiani. Mwanafunzi mwenye akili asifanywe aone haya kwa kuelewa upesi. Twajua pia jamii ambamo kila ainuaye kichwa huvutwa chini, na watu wakauita wivu wao kwa jina zuri la umoja. Hilo si pendo.

Wengine watasema, “La, yatupasa daima kwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu.” Hawa nao wana kweli, lakini Shangazi mwenyewe amekwisha kuwajibu. Kuna kungoja ambako ni kujikweza. Mtu asimama njiani, atazama nyuma, apumua kwa nguvu ili aonekane kuwa angoja. Na yule angojwaye ajiona kuwa mzigo. Aliye dhaifu huijua tofauti hiyo upesi kuliko mwenye nguvu. Huruma isiyotaka kukaa na mtu, bali kumsaidia tu na kuondoka, humwacha nyuma hata ikimshika mkono.

Basi, iko wapi njia? Sisi twaona ya kuwa kosa letu halikuwa katika miguu. Kama tungalikimbia mbele kwa furaha ya mwinuko ule, kisha tukasimama mwisho tukitazama njia, vikombe vikingoja, Shangazi angalikuja akicheka. Kosa letu lilikuwa katika hesabu. Tulikuwa watano, tukafika wanne, na furaha yetu ikajiona kuwa imetimia. Tena ahadi yetu haikuwa ya kufika, ilikuwa ya kufika pamoja. Na mtu aliyeahidi hivi hajafika bado mwenziwe akiwa njiani, hata miguu yake ikiwa imesimama penye kikomo.

Turudi sasa katika waraka ule tuliouanza. Mtume yule yule, katika waraka ule ule, sura mbili tu baada ya mfano wa mbio, awaonya Wakorintho kwa habari ya kukusanyika kwao. Wenye nafasi walitangulia kula na kunywa, na maskini walipofika walikuta wenzao wameshiba. Naye awaagiza wangojane. Twasoma mara nyingi sura ya tisa, ya mbio, na mara nyingi sura ya kumi na moja, ya meza; lakini je, tumeziweka pamoja? Katika mbio hakuwaambia wangojane. Mezani hakuwaambia washindane. Mtu na akimbie kwa nguvu zake zote. Lakini chakula kisianze kabla ya watu kutimia. Shida yetu ni kuwa tumechukua desturi ya mbio tukaileta mezani.

Na mji ule wa Geneva, tukiutazama, wafundisha neno lilo hilo. Usiku ule wa mwaka 1602 hakuokoa mmoja aliye hodari. Mmoja alikuwa na kamba, mmoja alikuwa na chungu, wengine walikuwa na mikuki, na mzee alibaki na zaburi. Kulipokucha watu hawakufurahi bila kuhesabu. Waliona ya kuwa watu wao 18 wamekufa, wakawazika katika mtaa wa Saint-Gervais, na majina yao yamechorwa katika jiwe, yasomeka hata leo. Furaha yao imedumu zaidi ya miaka 400, nasi twadhani sababu moja ni hii, kwamba haikuwasahau waliopungua.

Tena iko desturi moja nyumbani mwao. Wakati wa kuvunja kile chungu cha chokoleti, hakivunji aliye na nguvu. Mdogo kuliko wote na mkubwa kuliko wote waliopo hushikana mikono, nao hukivunja kwa pigo moja. Mwenye nguvu husimama kando akingoja, naye hapungukiwi kitu, maana atapata sehemu yake. Sisi tuliposimuliwa desturi hiyo, usiku ule ule, tulitazamana, kisha tukamtazama Shangazi akijikanda goti.

Ndugu zetu, mambo haya hayako Uswisi peke yake. Tazameni darasa ambamo watoto watatu wamejua kusoma, na mwalimu asema, “Darasa langu lajua kusoma.” Tazameni kwaya ipokeayo sifa wakati mmoja wao yu hospitali, wala hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba waliimba vema. Tazameni jamaa waliomsomesha kijana kwa kuuza ng'ombe. Amefika, amekunywa, amesifiwa, na walioko nyuma bado wako mwinukoni. Hatusemi asingefika. Twauliza tu kama alipofika aliitazama njia. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nasi twaongeza kuwa afikaye ukingoni peke yake hana wa kucheka naye.

Mwaka uliofuata tulikimbia tena. Kijana mwenye miguu myepesi alitangulia kama swala, wala Shangazi hakumkataza, bali alimpigia sufuria kwa mwiko mpaka akapotea machoni. Sisi wengine tulikwenda naye kwa sababu hadithi aliyokuwa akitusimulia ilikuwa haijaisha. Tulipofika tulimkuta yule kijana amesimama katika baridi, mikononi ana vikombe vitano, na cha kwake kimejaa bado. Kinywaji kilikuwa kimepoa. Tukakinywa hivyo hivyo, sote watano.