Mtoto ni wa Nani Shule Ikifungwa?

Husemwa kwamba mwalimu ni mzazi wa pili. Nimeusikia msemo huo tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na nimeurudia mwenyewe mbele ya wazazi katika mikutano isiyo na hesabu. Ni msemo mzuri, ila umeacha jambo moja bila kulitaja: uzazi huo wa pili unaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi? Kengele ya mwisho ikishalia na watoto kutawanyika, je, mwalimu anabaki mzazi au anageuka kuwa mpita njia?

Kwingine nchini labda hilo ni swali la mdomoni tu. Kwetu Tarime na Serengeti ni swali la kisu. Msomaji wa mbali aniwie radhi nikieleza. Kati ya koo za Wakurya, na baadhi ya majirani zetu, mabinti hukeketwa, na msimu mkubwa wa kazi hiyo ni Desemba, hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila hukaa faragha, wakikubaliana hutangaza, na ngariba huanza kazi. Shule wakati huo zimefungwa. Binti wa darasa la saba amekwisha kufanya mtihani wake Septemba na anangoja nafasi ya sekondari. Wadogo zake watakuwa na majuma kadhaa ya kupona kabla ya Januari. Yaani kalenda ya kisu imeshonwa juu ya kalenda yetu ya masomo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini alikuwa amekeketwa. Mkoani Mara walikuwa asilimia 32.

Tukizungumzia usalama wa mtoto shuleni, mawazo hukimbilia kwenye uzio, vyoo, kisima kisicho na mfuniko, na barabara ambayo watoto huivuka asubuhi. Nami nilihangaika na hayo, wala siyadharau. Lakini mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Zinabaki siku zaidi ya 170 ambazo daftari la mahudhurio haliziulizi.

Mwishoni mwa Novemba 1996 mwanafunzi wa darasa la sita alinijia ofisini akaomba apewe zamu ya kumwagilia miti ya shule likizo nzima, asubuhi na jioni, peke yake. Katika maisha yangu yote ya kazi sikupata kuona mtoto akiililia zamu ya maji. Sikumhoji sana. Nilimwita mke wangu, wakazungumza, na siku tulipofunga shule mtoto yule alikuja nyumbani kwetu na kifurushi chake.

Baba yake alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuja na mzee wa ukoo, mtu mwenye heshima zake, ambaye hakupaza sauti hata kidogo. Tulimpa kiti, akaniambia hivi: "Mwalimu, kesho utapewa uhamisho, utaondoka. Huyu atabaki. Wakwe watakapomwita msagane mbele ya watoto wake, wewe utakuwepo? Akifiwa, nani atakaa naye? Unamwokoa na maumivu ya siku moja ili umpe ya maisha."

Naomba msomaji asiipuuze hoja hiyo. Wapo wanaokuja kutoka mijini wakazungumza kana kwamba mzazi wa Kikurya ni mnyama asiyempenda mwanawe. Si kweli. Baba yule alikuwa ametenga ng'ombe kwa ajili ya sherehe ya binti yake, na mama alikwisha kutafuta khanga mpya. Ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu: mtoto hakuwa akikimbia chuki, alikuwa akikimbia mapenzi.

Hata hivyo nilimjibu mzee. Nilimwambia, "Mzee wangu, adhabu unayoitaja ni ya kweli, ila mwenye kuitoa ni nani? Watakaokataa kukaa naye msibani ni sisi sisi tulioketi hapa." Mtu anayetega mtego njiani hawezi kumwonya mpita njia kisha akaliita onyo lake huruma. Nikaongeza kwamba mzazi ana haki ya kumpangia mwanawe mambo mengi, jina, dini, shule, hata kazi, kwa kuwa mtoto akikua anaweza kuyapangua. Hili la kisu halipanguliki. Damu ikimwagika imemwagika, na uchungu wa kuzaa utamkuta na kovu lake. Kwa hiyo haki ya mzazi inafika hadi hapo na kusimama, na aliye karibu na mtoto wakati huo, awe mwalimu, mjomba au jirani, analazimika kusimama naye.

Mzee hakukubali. Alikunywa uji wake, akaaga vizuri.

Wakati ule sikuwa na sheria ya kushika mkononi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilikuja mwaka 1998, ikaufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15. Wenzetu wa Kenya, ambao ng'ambo ya Sirari ni Wakurya vilevile, walitunga yao mwaka 2011 isiyojali umri, na inayomkamata pia anayemvusha binti mpaka kwenda kukeketwa. Naiona ya kwao kuwa bora zaidi. Lakini sheria huja na gari la polisi na kuondoka nalo. Mtoto anajua kwamba ushahidi wake unaweza kumfunga baba miaka 15, na mtoto gani wa darasa la sita atabeba mzigo huo?

Zilipoanzishwa nyumba salama, Masanga kule Tarime na baadaye Mugumu, mamia ya mabinti walizikimbilia msimu wa Desemba. Nawaheshimu sana wenye kazi hiyo, hasa kwa kuwa hawaishii kuwapokea. Msimu ukiisha huwatafuta wazazi, wakaketi nao, wakawekeana saini kwamba binti akirudi hataguswa. Wapo wanaorudi, na wapo wasioweza kurudi. Huyo wa pili ndiye anayenisumbua usiku. Mwanafunzi wangu alimalizia darasa la saba akitokea kwetu. Kwa miaka miwili mama yake alipita njia ya juu ya kilima ili asikutane na mke wangu kisimani, na mtoto alikuwa akimwona.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hatupendi kuambiwa. Kanuni za mwaka 2002 humruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua, kuchapa viboko visivyozidi 4 na kuviandika kitabuni. Katika shule nyingi nilizotembelea kitabu kilikuwa safi na fimbo imechakaa. Mtoto aliyezoea kujificha akiona kivuli cha mwalimu hatakuja kumwambia mwalimu huyo kinachomngoja nyumbani. Atakimbilia porini, na Serengeti porini kuna fisi.

Walimu wakuu vijana wakinijia siku hizi kuniuliza wafanye nini, siwapi hotuba. Nawaambia Novemba waketi na kila binti wa darasa la tano hadi la saba, mmoja mmoja, mbele ya mwalimu wa kike, wamuulize likizo ataila wapi na kwa nani. Wayaandike majibu. Januari, siku ya kwanza, kabla ya kufagia uwanja, walifungue daftari hilo na kuita jina kwa jina. Asiyeitika wamfuate kwao siku hiyo hiyo, kwa miguu ikibidi.